Mwalimu Aliyerudi Darasani



Mwalimu akifa, mji mzima hupata habari kabla jua halijatua. Mwenye duka huacha mizani akasema, "Alinifunza mimi." Dereva wa basi asema hivyo hivyo, na karani wa korti, na mama auzaye maandazi penye njia panda. Wote waliketi mbele yake kwa miaka mbalimbali, na kila mmoja amechukua kipande chake cha mtu yule yule. Halafu siku ya mazishi hufika, na mtu mmoja huombwa asimame aseme machache kwa niaba ya wengine. Hapo ndipo penye taabu.

Maana mara nyingi twasimama tukasema maneno ambayo yangemfaa mwalimu yeyote. Alikuwa mpole. Alikuwa mcheshi. Alipenda watu wote, na watu wote walimpenda. Wasikilizaji hutikisa vichwa, lakini yule aliyekaa naye miaka kumi katika chumba cha walimu huinamisha uso, kwa kuwa hamwoni rafiki yake katika maneno yale. Rafiki yake hakuwa mpole siku zote. Aliwaka akiona kazi imefanywa ovyo ovyo. Alibishana. Alikuwa na mambo aliyoyaamini ambayo wenzake hawakuyaamini. Huyo anayetajwa katika hotuba ni mtu mwingine, asiye na kosa wala vumbi la chaki katika mikono. Basi tumemzika mtu wetu mara mbili, kaburini na katika sifa.

Juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo hilo, yaani namna ya kumkumbuka mwalimu aliyefariki, ambaye kwa wengine alikuwa mwalimu, kwa wengine mwenzi wa kazi, na kwa wengine rafiki. Nitatoa mfano wa mtu mmoja ambaye habari zake zimeandikwa na waliomjua, tena baadhi yao hawakukubaliana naye katika mambo makubwa. Jina lake Edward Carey Francis. Alifariki Nairobi mwezi wa Julai mwaka 1966, na hata leo, baada ya miaka ipatayo sitini, wasomi wa Kenya hawajamaliza kumzungumza.

Alizaliwa London mwaka 1897. Ujana wake uliangukia katika Vita Vikuu vya Kwanza, vya 1914 hata 1918, naye akapigana akiwa afisa wa jeshi la mizinga. Vita vilipokwisha alisoma hisabati katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Kichwa chake kilikuwa chepesi mno kwa hesabu, hata akawekwa kuwa mwalimu katika Peterhouse, nyumba ya kale kuliko vyuo vyote vya Cambridge, iliyoanzishwa mwaka 1284.

Fikiri, msomaji, maana ya kazi kama hiyo. Mtu ana mshahara wa hakika, chumba chenye vitabu, meza ya chakula pamoja na wataalamu, na heshima mpaka uzeeni. Wako watu ambao wangefanya kazi maisha yao yote wapate kufika hapo. Yeye alikuwa amekwisha kufika kabla hajatimiza miaka thelathini.

Mwaka 1928 aliacha mambo hayo yote akaja Kenya kuwa mwalimu wa misheni ya C.M.S. Alipelekwa Maseno, shule iliyoanzishwa mwaka 1906 upande wa Nyanza, mahali ambapo mstari wa Ikweta wapita. Huko hakukuwa na hisabati za Cambridge. Kulikuwa na wavulana wenye kujifunza kuzidisha, kugawanya na hesabu za sehemu, na wengi wao walikuwa watu wa kwanza katika nyumba zao kushika kalamu. Mtu aliyezoea kufundisha hesabu ngumu kabisa alichukua chaki akaanza kueleza nusu na robo.

Bila shaka walikuwako waliosema kuwa amejipoteza. Hata leo tungesema hivyo. Mtu akiwa na elimu kubwa, twatazamia apande, asishuke. Mwenye digrii akiomba kufundisha darasa la chini kijijini, jamaa zake huuliza kwa siri kama amepatwa na jambo. Carey Francis alikaa Maseno miaka kumi na miwili akiwa mwalimu mkuu, wala hakuona kwamba amejipoteza.

Mwaka 1940 aliitwa kuongoza shule ya Alliance, iliyoko Kikuyu, si mbali na Nairobi. Shule hiyo ilifunguliwa mwaka 1926 na misheni za Kiprotestanti zilizoshirikiana, na kwa ushirikiano huo ikapata jina lake. Ilikuwa shule ya kwanza ya sekondari kwa Waafrika wa Kenya. Mpaka wakati ule nafasi zilikuwa chache mno. Mvulana aliyeingia alikuwa amewashinda wengi, na kijiji kilichomtuma kilimtazama kama mbegu ya mwisho ghalani. Neno la shule lilisema kwamba mtu awe imara ili atumikie wengine. Carey Francis aliishika kazi hiyo miaka ishirini na miwili, mpaka 1962. Hakuoa. Shule ilikuwa ndiyo nyumba yake.

Sasa tuje kwenye tabia yake, maana hapo ndipo waandishi wa sifa hupenda kuruka.

Alikuwa mkali. Hilo hulisema wote. Saa ilikuwa saa; kengele ikilia, aliyechelewa alikuwa amechelewa. Alitaka shule iwe safi, kitanda kitandikwe sawasawa, na kazi ikamilishwe. Fimbo ilikuwa jambo la kawaida katika shule za siku zile, wala yeye hakuiacha. Alikuwa mtu asiyependa anasa, naye hakuwapa wanafunzi wake anasa. Lakini hakuwafundisha kwa kubahatisha. Aliamini kwamba mvulana wa Kiafrika aweza kufanya mtihani ule ule anaoufanya mvulana wa Uingereza, akaushinda, kisha akafundisha kana kwamba hilo ni jambo lililo wazi. Wakati huo katika nchi ile walikuwako watu wengi wenye madaraka ambao hawakuliamini. Wavulana wa Alliance waliwajibu kwa kushinda, mwaka baada ya mwaka.

Kizuri hakikosi ila, na ila yake haikuwa ndogo. Carey Francis alikuwa Mwingereza wa zama zake. Aliona kwamba utawala wa Uingereza ulikuwa na faida kwa Kenya, na kwamba wenyeji walihitaji muda mrefu wa malezi kabla ya kujitawala. Hakuwapenda wanasiasa. Mwezi wa Oktoba 1952 serikali ilitangaza hali ya hatari, na shule yake ilikuwa katikati kabisa ya nchi iliyowaka moto. Wanafunzi wengi walitoka katika nyumba zilizogawanyika, ndugu mmoja yuko msituni, mwingine yuko kizuizini, mwingine ni askari wa serikali. Mwalimu mkuu alilaani uasi wa Mau Mau waziwazi. Alilaani pia ukatili uliofanywa na askari wa serikali, jambo lililohitaji moyo kwa Mzungu wa Kenya ya siku zile. Lakini kulaumu ukatili ni hatua moja, na kuelewa kwa nini watu wadai ardhi yao ni hatua nyingine. Hatua hiyo ya pili mwalimu hakuimaliza.

Mwanafunzi mmoja aliyeingia Alliance mwezi wa Januari 1955 ni Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye baadaye jina lake lilijulikana duniani kote. Kaka yake alikuwa msituni na wapiganaji. Ngũgĩ alipokwenda nyumbani kwa likizo ya kwanza, amevaa sare ya shule, alikuta kijiji chake hakipo. Nyumba zote zilikuwa zimebomolewa, na watu wamehamishiwa kijiji kipya chenye ulinzi wa askari. Basi mtoto huyo alikuwa na dunia mbili. Ndani ya lango la shule kulikuwa na vitabu, nyimbo za kanisani na michezo ya Shakespeare iliyoigizwa na wanafunzi wenyewe. Nje ya lango kulikuwa na bunduki na maswali. Mlango kati ya dunia hizo mbili aliushika Carey Francis.

Mwaka 2012, akiwa mzee, Ngũgĩ alitoa kitabu kizima juu ya miaka ile minne ya shule, kiitwacho *In the House of the Interpreter*. Ngũgĩ alitumia maisha yake yote kuipinga elimu ya kikoloni na kuzitetea lugha za Afrika, mpaka alipofariki mwezi wa Mei 2025. Kama yuko mtu aliyekuwa na haki ya kumsuta Carey Francis, ni yeye. Hata hivyo, ukikisoma kitabu hicho hukuti shetani, wala hukuti malaika. Wamkuta mtu. Upofu wake unaonekana, na haki yake inaonekana pia. Wala hiki hakikufichwa kwa ajili ya kile. Nadhani hiyo ni heshima kubwa kuliko shada lolote la maua.

Huyo si peke yake. Jaramogi Oginga Odinga alikuwa mwanafunzi Maseno wakati Carey Francis alipokuwa mwalimu mkuu, kisha akasoma Alliance na Makerere, akarudi Maseno kufundisha. Ni huyo huyo Odinga aliyekataa watoto wake wabatizwe kwa majina ya Kizungu, akashika majina ya wazee wake. Ni huyo huyo aliyekuwa makamu wa rais wa kwanza wa Kenya, akajiuzulu mwezi wa Aprili 1966, miezi michache tu kabla ya kufa kwa mwalimu wake. Gikonyo Kiano na Njoroge Mungai, waliokuwa mawaziri Kenya ilipojitawala, walipita Alliance. Benjamin Kipkorir alisoma pale katika miaka ya mwisho ya Carey Francis, halafu akaenda Cambridge, chuo kile kile alichokiacha mwalimu wake, akaandika tasnifu yake ya udaktari juu ya historia ya Alliance yenyewe. Shule iliyomfunza aliiweka mezani akaichunguza, jema na baya. Aliimaliza kazi hiyo mwaka 1969.

Na katika wenzi wa kazi yuko Bethwell Ogot, aliyefundisha Alliance mwanzoni mwa miaka ya 1950, kabla hajakwenda Scotland kuendelea na masomo. Ogot alikuja kuwa mwanahistoria mkubwa, na kazi ya maisha yake ilikuwa kuonyesha kwamba Waafrika walikuwa na historia yao wenyewe, iliyohifadhiwa katika vinywa vya wazee, kabla Mzungu hajafika. Yeye naye alifariki mwaka 2025. Watu hawa wawili, mwalimu mkuu Mwingereza na mwalimu kijana wa Kijaluo, walipita ukumbi mmoja asubuhi, kila mmoja na madaftari yake chini ya kwapa. Sidhani kwamba waliiona Afrika kwa macho mamoja. Lakini kazi yao ilikuwa moja, na wanafunzi walifaidika na wote wawili.

Waona, msomaji, jambo la ajabu lililo katika kazi ya ualimu. Mwalimu humpa mtoto kalamu, wala hawezi kumwamuru ataandika nini akiwa mtu mzima. Akimfundisha kufikiri kweli kweli, yawezekana siku moja mtoto atafikiri kinyume chake. Mwalimu mdogo wa moyo huogopa siku hiyo, kwa hiyo hufundisha nusu nusu, akaficha ufunguo. Carey Francis hakuwafundisha nusu nusu. Wale waliodai uhuru kwa hoja, wakaandika, wakahesabu, wakasimama mbele ya mabaraza ya serikali bila kutetemeka, wengi walikuwa na vyombo walivyovipata darasani kwake. Yeye aliwapa vyombo hivyo kwa nia nyingine. Mpanzi hupanda mtama wake, lakini hawezi kuwachagulia watakaoula.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nimchague mtu huyu na si mwingine.

Mwaka 1962 Carey Francis aliacha kuongoza Alliance. Alikuwa na umri wa miaka 65. Alikuwa amefanya kazi Kenya miaka thelathini na minne. Angeweza kurudi Uingereza akakaa katika bustani yake, akaandika kumbukumbu zake, akatembelewa na wageni. Hakuna mtu ambaye angemlaumu.

Badala yake alikwenda Pumwani. Msomaji asiyeijua Nairobi huenda hajui maana ya neno hilo. Pumwani ni mtaa upande wa mashariki ya mji, uliowekwa na serikali ya kikoloni katika miaka ya 1920 kwa ajili ya Waafrika. Watu wa makabila mengi walikaa humo wamebanana, na Kiswahili kikawa lugha ya vichochoro vyake. Haukuwa mtaa wa matajiri. Watoto wake walikuwa watoto wa vibarua, wapishi, wachuuzi na akina mama waliojitafutia riziki peke yao. Katika shule ya sekondari ya Pumwani hakuwa mwalimu mkuu. Alikuwa mwalimu wa kawaida, chini ya mkuu mwingine. Miaka thelathini na minne yeye ndiye aliyeamuru kengele ipigwe; sasa kengele ikampigia yeye, naye akachukua chaki akaenda darasani.

Tena angalia wakati wenyewe. Tarehe 12 Desemba 1963 Kenya ikapata uhuru. Bendera ya Uingereza ikashushwa, mpya ikapanda. Watu aliodhani kwamba bado wahitaji muda walikuwa sasa wakubwa wa nchi, na katika wakubwa hao walikuwamo wanafunzi wake. Wazungu wengi wa Kenya walifunga mizigo yao. Yeye hakufunga. Mambo yalikwenda mbio kuliko alivyoyataka, lakini asubuhi iliyofuata watoto wa Pumwani walihitaji kujua hesabu kama walivyohitaji jana. Akaendelea kufundisha katika nchi iliyokuwa sasa yao. Kazi hiyo alikuwa nayo bado alipofariki mwezi wa Julai 1966.

Mara mbili katika maisha yake mtu huyu alishuka. Mara ya kwanza alishuka kutoka Cambridge hata Maseno, na mara ya pili kutoka kiti cha Alliance hata dawati la Pumwani. Mara zote mbili alishuka kuelekea upande mmoja, upande alipo mtoto. Kwa sababu hiyo nathubutu kusema kwamba mawazo yake juu ya siasa yalikuwa na kasoro, na miguu yake ilijua njia. Mtu hupimwa kwa maneno yake, naam, lakini hupimwa zaidi kwa mahali anapokwenda wakati hakuna anayemlazimisha.

Haya yote yatuhusu nini sisi, tusio na shule kubwa wala vitabu vya kumbukumbu?

Kwanza, yatuhusu siku tutakapoombwa kusimama mbele ya jeneza la mwalimu wetu. Siku hiyo usiseme kwamba aliwapenda watu wote. Taja jambo moja alilolifanya, na siku alipolifanya. Sema kwamba alikurudisha nyumbani siku fulani kwa kuwa kaptura yako ilikuwa imechanika, naye jioni akaja na sindano na uzi. Sema kwamba alikutoa machozi kwa alama moja ya mtihani, na kwamba ulikuwa na uchungu naye mwaka mzima. Kama alikuwa na ukali, useme bila chuki. Kama kulikuwa na jambo ambalo hamkupatana, si lazima ulitoe hadharani mbele ya mjane wake, lakini usijenge uongo juu yake. Marehemu hana haja ya uongo wetu. Watoto wake, wakisikia habari zake za kweli, watasema, "Ndiye huyo." Hilo ndilo neno la faraja kuliko yote penye msiba.

Pili, yawahusu waliofanya kazi naye. Msiba wa mwenzi wa kazi ni msiba usio na kilio cha wazi. Mke ana nafasi yake penye matanga, watoto wana nafasi yao, ndugu wana nafasi yao. Mwalimu mwenzake hukaa nyuma, kisha Jumatatu hurudi shuleni akakuta kiti kitupu, kikombe chake kiko rafuni, na madaftari ya darasa la saba yamepangwa, nusu yamesahihishwa kwa wino mwekundu na nusu bado. Hapo afanye nini? Ayachukue ayasahihishe. Usiwaache watoto wale wangoje alama za mtu asiyerudi. Ingia darasani mwake, watazame usoni, waambie ukweli kwamba mwalimu wao amefariki, waache walie kidogo, kisha wafungue ukurasa ule aliouachia. Sala zina mahali pake na hotuba zina mahali pake, lakini heshima ya mwalimu kwa mwalimu mwenzake ni kuushika ule ukurasa.

Tatu, yawahusu walimu walio hai, hasa wale ambao wamechoka. Najua kwamba wengi wanaona aibu kukaa darasani miaka mingi wakati wenzao wamepanda, mmoja ni mkaguzi, mwingine yuko wizarani, mwingine ana gari. Si kosa kupanda. Mahali pa juu pahitaji watu wema pia. Lakini usidhani kwamba aliyebaki na chaki amebaki nyuma. Mtu aliyekuwa na Peterhouse mkononi, na Alliance mkononi, alipopewa nafasi ya kuchagua kazi ya siku zake za mwisho alichagua kusimama mbele ya watoto wa mtaa wa maskini akiwa na chaki. Kama hiyo ingekuwa kazi ya walioshindwa, asingeichagua mara mbili.

Nne, yatuhusu wazazi. Twawatuma watoto wetu shuleni asubuhi, na jioni twakaa mezani twamsema mwalimu, mara mshahara wake mdogo, mara viatu vyake vimekwisha, mara anaringa. Watoto husikia. Kesho huenda shuleni wakiwa wamekwisha kujifunza kwamba mtu yule si kitu. Je, atawafundishaje? Mwalimu akikosa, nenda ukaseme naye uso kwa uso, mtu mzima kwa mtu mzima. Nyumbani mpe jina lake la heshima.

Tena liko jambo la mwisho, nalo ni rahisi kuliko yote, lakini ndilo tunaloliahirisha. Mwalimu wako labda yuko hai. Yuko kijijini, amestaafu, miguu yamsumbua, macho hayasomi vizuri. Amefundisha watoto mia kwa mia, na ni wachache waliorudi kumwambia wamefika wapi. Huenda yeye mwenyewe hajui kama kazi yake ilizaa. Tulio wengi twangoja mpaka tutangaziwe msiba, ndipo tukodi gari, tuchange fedha, tushone nguo za sare, tusafiri usiku kucha twende tukamsifu mtu ambaye hatusikii tena. Fedha hiyo ya gari ingetosha kumtembelea mara tatu akiwa hai, na sukari mkononi.

Basi fanya hivi. Juma hili, baada ya chakula cha jioni, waulize walio nyumbani mwako, wakubwa kwa wadogo, kila mmoja ataje mwalimu mmoja na jambo moja alilojifunza kwake. Babu naye aulizwe. Utashangaa kuona kwamba mzee wa miaka themanini bado analijua jina la aliyemshika mkono akamwonyesha herufi a. Yakitajwa majina ya waliofariki, watajeni kwa heshima na kwa kweli, pamoja na ukali wao na vituko vyao, ili watoto wawajue. Na likitajwa jina la aliye hai, asiwepo mtu wa kulala kabla hajatafutwa mahali alipo. Anayejua kuandika aandike barua. Mwenye simu apige. Aliye karibu aende kwa miguu.

Usimwandikie maneno makubwa. Mwambie jina lako na mwaka uliosoma kwake, kwa kuwa huenda amesahau. Mwambie kazi unayoifanya sasa. Mkumbushe lile jambo moja. Kama mlikuwa hampatani, mwambie pia, na umweleze kwamba hata kumpinga ulijifunza kwake. Kisha muulize kama ana haja ya kitu chochote, nawe usiulize kwa ajili ya adabu tu.

Kwaherini, wasomaji wapenzi, mpaka juma lijalo.